Chupa Itapasuka Kesho

Nilisema "kesho." Kosa langu lote ni hilo neno moja, na si tusi, hata ustadhi wangu wa chuoni angelisikia asingenyanyua kiboko. Mwanamke mjamzito alikuwa kwenye machela mlangoni pa mapokezi ya dharura, mama mkwe wake kasema jambo la kweli kwa Kirundi, na mimi niliyeitwa kulitafsiri nikaligeuza kichekesho. Watu wakacheka. Kisha kilichoandikwa kwenye daftari kikawa kile kichekesho.

Naandika mwenyewe kabla sijaandikiwa. Hapa kwetu Katubuka habari hii ina matoleo matatu tayari, na katika mojawapo mimi nimeua mtu.

Ilikuwa wakati Warundi wanakimbilia kwetu tena. Bibi yangu mzaa baba, tunayeishi naye, alisema hawa ni wa mara ya tatu katika umri wake, akaenda kutoa magodoro ya akiba bila kuuliza mtu. Walikuwa wanavuka mpaka kwa miguu na kuangukia Kagunga. Kagunga ni kijiji kilichobanwa: nyuma milima, mbele ziwa, na barabara ya kuja huku haipo. Watu wakajaa pale ufukweni mpaka hapakuwa na pa kukunja goti, na kuhara kukaanza. Basi meli ikawa inakwenda kuwachukua na kuwaleta bandarini Kigoma. Wenye nguvu wanapanda mabasi ya kambini. Wasioweza kusimama wanapanda ambulensi, wanapelekwa hospitali, na hospitali mlangoni anawapokea mama yangu.

Mama ni muuguzi. Ni mtu wa Pangani, aliletwa huku na ndoa, na Kiha chake kinaishia sokoni: anajua kusalimu, kukataa, na kuuliza hawa dagaa ni wa lini. Mimi bibi hajawahi kunisemesha ila Kiha tangu nizaliwe. Na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Ukijua kimoja unaelewa kingine kama unavyomwelewa shangazi yako anayeongea na chakula mdomoni.

Mkalimani wa hospitali alikuwa mwalimu wa kike, naye mkimbizi, na wiki ile homa ikamlaza. Shule zilikuwa zimefungwa. Mama akanikuta nimelala sebuleni saa tatu asubuhi, miguu juu ya kochi.

"Wewe si una mdomo?" akaniambia. "Vaa shati. Leo utautumia."

Nikavaa shati.

Sasa niwaeleze mgonjwa alivyokuwa anakabidhiwa siku hizo, maana ndipo penyewe. Ambulensi ilikuwa ya kumlaza mtu mmoja na kukalisha wawili. Inakuja na watano. Mhudumu wake, jibaba moja lenye masharubu yanayotangulia mwili, anaruka kabla gari halijasimama, anafungua mlango wa nyuma na kuanza kutangaza kama mvuvi anayenadi samaki wa migebuka ufukweni: "Wa kuhara wawili! Mtoto homa! Mzee mguu! Mjamzito!" Anawashusha, anapiga bodi makofi mawili, gari linaondoka, kwa sababu meli bado inashusha na bandarini wengine wamelala juani. Ukitaka kumuuliza kitu, uliza moshi.

Kadi zilikuwepo. Kila mgonjwa alifungwa kadi mkononi kwa uzi, imeandikwa vizuri kabisa. Ila kutoka ufukweni Kagunga mpaka melini watu wanapelekwa kwa mitumbwi, na wimbi la Tanganyika halijui kusoma. Kadi zinafika zimebaki na ukungu wa buluu. Kwa hiyo mgonjwa alikuwa anasafiri na maneno tu, kutoka kinywa hadi kinywa, na kila kinywa kilikuwa na haraka.

Siku ya kwanza nilitafsiri kama malaika. Siku ya pili nilimwigiza yule mhudumu, na masharubu nikatengeneza kwa pamba, nikalinadi beseni la hospitali. Manesi wale walikuwa hawajalala sawasawa siku ngapi sijui, macho mekundu, miguu imevimba, nao walicheka mpaka mmoja akasema, "Huyu mtoto asiondoke, huyu ndiye dawa." Msinipe maneno kama hayo. Siku ya tatu nilikuja nimejipaka mafuta, najiona staa.

Alasiri ya siku hiyo ya tatu ambulensi ikaja na watano wake. "Wa kuhara watatu! Mtoto degedege! Mjamzito!" Makofi mawili, gari likaenda.

Mjamzito alikuwa kijana, labda kanizidi miaka mitano. Amefumba macho, midomo imekauka, halalamiki. Pembeni yake bibi mfupi mwenye furushi kichwani, mama wa mume wake, hajui neno la Kiswahili zaidi ya "asante," analisema kila baada ya pumzi.

Mama alikuwa amesimama na daftari, kalamu tayari. "Muulize kama chupa imepasuka."

Jamani, mimi habari za chupa ningezijulia wapi? Nikauliza neno kwa neno: chupa yenu imepasuka? Bibi akanitazama, akatazama furushi lake, akanijibu kwa huzuni kidogo.

"Anasema chupa zote wameziacha nyumbani," nikatafsiri.

Mapokezi yote yakaanguka. Nesi mmoja alikaa chini kabisa, kashika mbavu. Mama mwenyewe akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Maji, mjinga wewe! Maji ya mtoto! Muulize yametoka lini."

Nikauliza. Bibi akajibu: "Ejo."

Hapa nisimame nieleze. Kwa Kirundi, na kwa Kiha vilevile, ejo ni jana. Na ejo ni kesho. Ni neno moja tu, siku moja mbali na leo, upande wowote. Kinachokuonyesha upande ni kitenzi, na kitenzi cha yule bibi kilikuwa cha jana, kimenyooka kama rula. Sikukosea kusikia. Nasema hili kwa sababu wapo wanaonitetea kwamba mtoto alichanganya lugha. Mtoto hakuchanganya kitu. Mtoto alikuwa na watazamaji wanane wenye meno nje, na neno tamu kama lile limewekwa mkononi mwake.

"Anasema itapasuka kesho," nikatangaza. "Saa nne, baada ya chai."

Wakacheka tena, zaidi ya mara ya kwanza. Mama akainama akaandika huku mabega yanamtikisika.

Bibi hakuwa amemaliza. Alinishika shati, akavuta, akasema kwa sauti ya chini kwamba damu inatoka tangu alfajiri wakiwa melini, na kwamba mtoto tumboni amekuwa akirusha mateke njia nzima na sasa hachezi. Nilisikia kila neno. Nikajiambia, ngoja hiki kicheko kiishe kwanza, nisikiharibu.

Kicheko hakikupata nafasi ya kuisha. Yule mtoto wa degedege akatapika, nusu sakafuni, nusu kwenye viatu vyangu. Nikatumwa ndoo ya maji ya klorini. Naingia na ndoo, uso kwa uso na muuguzi mkuu, mama mmoja ambaye hata madaktari wakimwona wanafunga vifungo.

"Huyu mtoto anafanya nini humu ndani?"

"Natafsiri, shikamoo."

"Marahaba. Tafsiri nje."

Akanitoa kwa bega. Napita mezani nikaliona daftari: mwandiko wa mama, mzuri, wa kulala kidogo. *Mjamzito. Chupa bado.* Na nikaiona machela inasukumwa kulia. Kushoto walikwenda wasioweza kungoja. Kulia kulikuwa na benchi.

Mlango ukafungwa, na mimi niko nje na maneno ya watu.

Mwanzo nilijiambia si kitu, watagundua. Nikakaa ukutani. Nikainuka. Nikahesabu matofali, nikapotea kwenye safu ya nne. Nikakaa tena, goti likawa linaruka lenyewe kama la mtu anayeshona kwa cherehani. Watagundua vipi? Bibi ataongea na nani? Asante, asante, asante. Atawaambia asante mpaka mkwewe akauke.

Nikaenda getini kwa mlinzi. Sasa mlinzi huyu, jana yake nilikuwa nimemwambia kwa siri kwamba waziri anakuja kwa gari jeupe lisilo na bendera. Alipigia saluti kila gari jeupe siku nzima, likiwemo la kunyonya choo.

"Mzee, naomba nipite, kuna mgonjwa wana habari yake siyo."

"Ehee," akasema, hajageuza hata shingo. "Na leo anakuja nani? Rais?"

"Sitanii, mzee."

"Hata jana hukutania."

Nikazunguka nyuma, dirisha la chumba cha sindano. Nikapanda juu ya bomba. Nesi yule aliyekaa chini kwa kicheko alikuwa ndani, anavunja vichupa vya dawa.

"Dada! Yule mjamzito, maji yalitoka jana!"

Akanitazama akaanza kutabasamu kabla sijamaliza. "Jana? Si ulisema kesho?"

"Ni jana. Kweli tena."

"Chagua moja, mdogo wangu, tupate cha kuandika."

"Dada, na anatoka damu, naapa. Niitie mama."

"Mama yako anatundika dripu tano, na amesema akikuona ya sita ni yako." Akacheka vizuri kabisa, bila ubaya, akafunga dirisha kwa sababu ya nzi.

Nilishuka kwenye bomba lile. Nilikuwa nimezoea kusema uongo watu wakaamini. Kusema kweli watu wakacheka ilikuwa ni mara ya kwanza, na niwaambie, inachoma. Nikafikiri: ni nani ambaye akisema neno pale mlangoni wanalichukua? Ni yule jibaba. Anapiga kelele kama kichaa lakini hakuna anayecheka. Nikashuka mbio mpaka bandarini, viatu vinanuka, jua limesimama usoni.

Bandarini pale hapakuwa na mahali pa kutia mguu. Furushi, sufuria, watoto wamefungwa kamba viunoni wasipotee, mama anamnyonyesha mtoto huku anamkaripia mwingine, na wote wakiongea kama bibi yangu, hata nikawa nasikia "njoo hapa," "kaa chini," "usiguse," kila upande, kama nimezaliwa mara mia. Jibaba nilimkuta chini ya ngazi ya meli, amembeba mzee mgongoni.

"Anko! Shikamoo. Yule mjamzito uliyemleta sasa hivi, walikwambiaje?"

"Mjamzito."

"Walikwambia mjamzito tu?"

"We mtoto, nimebeba mtu."

Nesi aliyekuwa akija na meli alikuwa hatua mbili kutoka hapo, kitambaa kichwani, sauti imemkauka kabisa kwa siku za kuongea juu ya injini. Akageuka. "Mjamzito wa kitenge cha njano? Si nilikwambia, maji tangu jana, damu tangu alfajiri, awe wa kwanza?"

"Uliniambia mjamzito," jibaba akasema.

"Nilikwambia yote! Umetikisa kichwa!"

"Nilitikisa kichwa kwa sababu injini inanguruma, dada. Wewe midomo inacheza, mimi natikisa. Ningefanyaje?"

Wakatazamana. Mzee wa mgongoni akakohoa. Na mimi nikaona njia nzima ilivyokwenda. Habari ya damu ya yule dada iliangukia majini hapo kwenye ngazi. Ikaokotwa tena na bibi, kwa uzee wake, akaibeba mpaka mlangoni kwa mama, akanipa mimi mkononi. Mimi ndiye niliyeiweka pembeni nipate kupigiwa makofi.

"Mimi nimeambiwa mara ya pili, na bibi yake," nikasema. "Nikafanya utani. Wameandika chupa bado."

Jibaba hakunipiga. Alimlaza mzee ndani ya gari, akanishika ukosi wa shati akanitupia kiti cha mbele, akamwambia dereva neno moja ambalo siliandiki.

Getini mlinzi alinyanyua mkono kunizuia, jibaba akamwambia, "Huyu ni mzigo wangu." Mlangoni hakunadi. Ndiyo mara ya kwanza kumwona amesimama kimya mlangoni, na huo ukimya ndio uliomfanya mama ainue kichwa.

"Nimesema huyo asirudi."

"Mama, yule mjamzito—"

"Kesho saa nne. Nimesikia."

"Jana, mama. Maji yametoka jana. Damu tangu alfajiri. Mtoto hachezi. Bibi aliniambia nikiwa hapa."

Mama akanisogelea. Ana namna ya kunitazama pembe za mdomo, maana uongo wangu huwa unaanzia hapo. Akatazama upande mmoja, akatazama wa pili.

"Rudia."

Nikarudia.

"Rudia polepole. Usiruke kitu."

Mara ya tatu sauti yangu iliyokuwa imeanza kuwa nzito ikarudi ya kitoto. Mama akamtazama jibaba. Jibaba akasema, "Ndivyo. Bandarini wamethibitisha. Mimi sikusikia, injini." Lakini mama alikuwa ameshaondoka. Alitembea hatua tatu, kisha akakimbia. Sijawahi kumwona mama akikimbia na sare.

Wakamkuta kwenye benchi la kulia, amekaa wima, kitenge kimelowa chini yote, bibi amemshika kichwa kisidondoke. Daktari akaitwa, muuguzi mkuu akatokea, machela ikapita kushoto kwa kasi, milango miwili ikabamizwa, na mimi na bibi tukaachwa kwenye ngazi za nje pamoja na furushi.

Tulikaa pale mpaka kivuli cha jengo kikatufunika miguu. Sikuweza kutulia. Nilikuwa nafungua kifungo cha shati nafunga, nafungua nafunga. Bibi alikuwa ametulia, na utulivu wake ndio ulionitesa zaidi. Baadaye sana akaniuliza, kwa upole kabisa, kama anayeuliza njia: "Mwanangu, pale mlangoni nilipojibu, watu walicheka nini?"

Nilikuwa na majibu mawili. La kweli lilikuwa karibu tu.

"Nilidhani walicheka zile chupa zangu," akaongeza.

"Ndiyo, bibi," nikasema. "Walicheka chupa."

Akatikisa kichwa. Akatabasamu hata. Akasema, kweli, bibi kizee anaulizwa habari ya uzazi anajibu habari ya vyombo, hata yeye angecheka. Nikasimama nikaenda kunywa maji ya bomba nisiyokuwa na kiu nayo.

Mtoto alitoka hai. Sikumsikia akilia, niliambiwa tu kwamba alichelewa kulia, kwamba walimsugua na kumgeuza na kumpulizia, kisha akalia kama paka. Msichana. Mama yake alipata homa kali kwa sababu ya yale maji ya jana, akalazwa siku nyingi, siku nyingine hamtambui hata bibi. Daktari alisema maneno kuhusu saa, kwamba saa moja zaidi pale kwenye benchi ingekuwa habari nyingine. Alisema mbele ya mama. Mama alikuwa ameshika lile daftari.

Nyumbani nilingoja. Nilijua kitakachokuja, nilishajichagulia hata mahali pa kusimama, karibu na mlango wa uani. Hakikuja. Mama alinipakulia chakula, akauliza kama nimeswali, akaenda kulala. Kesho yake hivyohivyo. Hakunikaripia, hakuniita mjinga, na mtu aliyezoea kuitwa mjinga mara kumi kwa siku akikaa siku tano bila kuitwa anaanza kuumwa. Nilifua bila kutumwa. Nilimchotea bibi yangu maji mpaka mapipa yakafurika. Nilivunja sahani makusudi, ya maua, mama akaokota vipande akasema, "Angalia usijikate."

Kazini kwake ndiko maneno yalikohamia. Wiki iliyofuata mlangoni pale palikuwa na utaratibu mpya, na kila mtoto wa Uswahilini angeutambua. Mama akikutuma dukani huondoki hivihivi. Unashikwa bega: "Nimekutuma nini?" Unasema: chumvi, kiberiti, sabuni ya kipande. Ukisahau sabuni unaanza upya. Mama aliuchukua mtindo huohuo akamvisha jibaba la masharubu.

Nilikuwepo siku ya kwanza, nachungulia nikiwa nje ya mlango. Ambulensi imesimama, jibaba limeruka, limevuta pumzi linadi.

"Ngoja," mama akasema. "Mmoja mmoja. Na wengine wote kimya." Manesi wakanyamaza. "Huyu?"

"Mwanamume, kuhara tangu juzi, dripu mbili melini, ya tatu hii, kakojoa mara moja."

Mama akarudia yote, neno kwa neno, kabla kalamu haijagusa karatasi. "Ndivyo?"

"Ndivyo. Sasa naweza kwenda?"

"Bado wanne. Na bandarini, nesi wa melini akikupa mgonjwa, na wewe umrudishie hivihivi. Injini ikinguruma, sogea mbali na injini."

"Sista," jibaba likasema, masharubu yamesimama, "mimi nina mke na watoto. Leo nimekuwa mtoto wa kutumwa vitunguu?"

"Mtoto wa vitunguu hurudi na vitunguu. Wewe ulirudi na mjamzito, damu yake umeiacha bandarini."

Aliondoka kwa hasira, akapiga bodi makofi matatu. Siku mbili alirudia kwa kunung'unika. Siku ya tatu mama, kwa uchovu, akarudia "mguu" tu, na jibaba likadakia: "Wa kushoto! Hukusema wa kushoto! Anza upya!" Alicheka mpaka bandarini, dereva anasimulia. Tangu hapo ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alikuwa akisimama mlangoni mikono kiunoni, haondoki mpaka amerudishiwa maneno yake yote, kama mtu anayedai vyombo vyake baada ya shughuli.

Na ejo nayo ilipatiwa dawa. Yule mwalimu mkalimani alipopona alisema msiulize lini, ulizeni jua limezama mara ngapi tangu hapo. Mgonjwa ananyoosha vidole. Kidole hakina jana wala kesho.

Mimi nilirudishwa kumsaidia, maana watu walikuwa wengi kuliko mdomo wake mmoja. Muuguzi mkuu alikubali kwa sharti: kiti changu kiwekwe kimeugeukia ukuta. Nitafsiri nikitazama chokaa, nisione nani anatabasamu. Nilidhani ni adhabu. Siku ya kwanza nilisikia vibaya shingoni. Siku ya pili nikaanza kusikia sauti za watu zinavyoshuka wanapofika kwenye neno lenyewe, lile waliloogopa kulisema, na kwamba huwa linakuja mwishoni, baada ya lile wanaloulizwa.

Siku ambayo yule dada na mtoto wake walipanda basi la kambini, sikwenda kuwaaga. Nilijificha nyuma ya tangi la maji, nikamwona bibi anapanda ngazi ya basi na furushi kichwani, anamwambia kila mtu asante. Akawa anatazama huku na huku. Labda alikuwa ananitafuta, labda alikuwa anatafuta mlango. Basi likaondoka. Mama alikuwa upande wa pili wa uwanja, naye anatazama. Na nilipogeuka nikakuta ananitazama mimi.

Alirudi nyumbani mapema jioni ile. Hakuvua hata sare. Alichukua ndoo na tambara akaanza kudeki sebule ambayo nilikuwa nimeideki asubuhi, akipiga tambara kwa nguvu, maji yanaruka mpaka kwenye kochi. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama," nikasema, "nilimdanganya yule bibi. Aliniuliza mlicheka nini, nikamwambia chupa."

Akaendelea kudeki mpaka akafika miguuni pangu, nilipokaa kwenye kochi. Akasimama, akakamua tambara, na haya ndiyo aliyosema:

"Wewe ulisema upuuzi. Mimi nilicheka huku naandika. Inua miguu, nipite."